Anayekukera Sio Lazima Awe Kioo Chako

Kuna maneno yanazunguka sana kwenye status za WhatsApp na kwenye klipu za wale wahamasishaji, kwamba kinachokukera kwa mwenzako ndicho kilichomo ndani yako. Ukimchukia muongo basi na wewe ni muongo, ukimchukia mwenye maringo basi na wewe unaringa kimoyomoyo, na watu wanaitikia "kweli kabisa" na kusambaza. Nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwenye kichen pati, nimeyasikia kwenye semina za kazini, na hivi karibuni nikayasikia mtu akimwambia mwanamke ambaye mume wake hajaacha hela ya matumizi wiki nzima, "dada, na wewe jiangalie, hizo hasira zinasema nini kuhusu wewe." Hapo ndo nikaona bora niandike, maana hili jambo nimelifikiria kwa muda mrefu na naona lina ukweli mzito ndani yake, ila limebebwa vibaya, na likibebwa vibaya linaumiza watu ambao tayari wameumizwa.

Mimi naona hivi. Kero yako mara nyingi inakwambia kitu kuhusu wewe, hilo nakubali. Lakini hicho kitu kwa kawaida sio kwamba una kasoro ile ile ya mwenzako. Inakwambia unaishi kwa sheria gani, sheria ambayo pengine hata hukumbuki uliwekewa lini na nani, ila umeitii miaka yote na umeilipia, halafu anatokea mtu anaivunja mchana kweupe wala halipi chochote. Hiyo ndo inayochoma.

Mama yangu mdogo nimtolee mfano maana nimeishi kwake na nimemuona kwa karibu. Anakaa Tabata, ana mgahawa wake, anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati na saa tatu usiku bado utamkuta anahesabu sahani. Nyumbani kwake kuna binti anayemsaidia kazi, binti mzuri tu, anafua, anapika, anadeki, anampokea mjukuu akitoka shule, na ikifika saa nane mchana kazi zimeisha anatandika mkeka barazani anakaa na simu yake. Sasa mama mdogo akirudi ghafla mchana akamkuta pale, nyumba nzima inajua. Na kosa lenyewe analitaja kwa neno moja, "Amekaa!" Anampigia dada yake, ambaye ndo mama yangu, anamwambia yaani nimefika nimemkuta amekaa. Ukimuuliza kuna kazi gani haijafanyika hana jibu la haraka, itabidi atafute, ataona ndoo haijageuzwa, ataona majani ya mwembe yameanguka uani, ambayo yameanguka sasa hivi tu.

Ukichukua yale maneno ya kwenye status utasema mama mdogo ni mvivu ndani kwa ndani. Huo ni uongo, sijawahi kuona mtu aliye mbali na uvivu kama yule. Ila siku moja tunamenya viazi nikamuuliza, ma'mdogo hivi nyie utotoni kule Lushoto mlikuwa mnapumzika saa ngapi, akacheka, halafu akaniambia kwao msichana hakai mikono mitupu. Bibi akikukuta umekaa hakugombezi wala hakupigi, anakuwekea ungo wa maharage mapajani uchambue na anaondoka zake. Kwa hiyo walijifunza, ukitaka kukaa shika kitu. Mpaka leo anaangalia taarifa ya habari huku anachambua mchele, na mchele wenyewe ni ule wa kwenye mfuko wa dukani ambao umeshachambuliwa tayari.

Daktari alishamwambia miguu inavimba kwa ajili ya kusimama muda mrefu, kwamba mchana ajinyooshe kidogo aiweke juu ya mto. Hajaweza. Na sababu hana, maana mgahawa una wasichana wanaouendesha vizuri tu na saa nane wateja wameshapungua, lakini akikaa dakika chache anasema anajisikia vibaya, anainuka. Ukishajua hilo ndo unaelewa anaona nini pale barazani. Yule binti anafanya bila hofu yoyote kitu ambacho mama mdogo alinyimwa tangu mdogo kabisa, na anakihitaji sasa hivi kuliko wakati wowote wa maisha yake, na hakuna aliyebaki wa kumnyima, bibi alishafariki zamani. Hasira inamwangukia binti ila deni sio la binti.

Na ukianza kuangalia kwa jicho hilo utaona mengi. Mwanaume aliyelelewa kwamba ukilia unachapwa tena, atanuna akimuona mwanaume mwenzake analia msibani mpaka anashikiliwa. Dada aliyeambiwa maisha yake yote kwamba mtoto wa kike hapazi sauti, atamuona yule mwenzake wa ofisini anayecheka mpaka anasikika korido nzima kuwa hana adabu, na atalisema hilo kwa uchungu mkubwa kuliko hata bosi aliyekuwa anajaribu kuongea na simu. Mtu aliyejilipia ada kwa kuuza maandazi atamtazama mwanafunzi anayetoroka vipindi kwa jicho baya sana, wakati mtoto aliyelipiwa ada zote atapita pale hata asimuone. Hakuna hata mmoja hapo mwenye kasoro ile anayoichukia. Wote wana kitu walichokatazwa, au walichokipata kwa jasho, na swali la kuwauliza ni nani alikukataza na ulilipa nini.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja, kuna wakati kioo ni kioo kweli. Mwaka 1997 Leonard Newman, Kimberley Duff na Roy Baumeister, watafiti wa saikolojia Marekani, walichapisha majaribio ambayo mimi yalinifungua macho. Watu waliambiwa kwamba vipimo vimeonyesha wana tabia fulani fulani mbaya, halafu wakaambiwa katika hizo kuna moja wajizuie kabisa wasiifikirie. Baadaye wakaonyeshwa video ya mtu mwingine wamsome ana tabia gani. Ile tabia waliyokuwa wanaisukuma nje ya kichwa ndo waliyomuona nayo yule wa kwenye video, kuliko zile nyingine ambazo hawakuambiwa wazizuie. Maelezo yao ni kwamba ukijikataza kufikiria jambo, akili inabidi ikae macho kulilinda lisiingie, na kwa kulilinda hivyo linakuwa karibu muda wote, kwa hiyo mtu wa kwanza anayepita mbele yako analibeba. Ila ona hata hapo kinachofanya kazi ni nini. Kuambiwa una tabia hiyo peke yake hakukutosha, ilikuwa ni kule kujikataza. Tumerudi kwenye katazo.

Na kuna kero ambazo hazisemi chochote kuhusu nafsi yako, naomba hili lieleweke maana watu wanajitesa bure. Umepanda mwendokasi Kimara unaenda Kivukoni, umebanwa, mtu wa pembeni yako anaongea na simu, "eeh... hapana... nani?... we! ... basi mwambie asije," na wewe unasikia damu inachemka wakati wale wanafunzi wawili wanaopiga stori kwa sauti kubwa zaidi pale nyuma hawakusumbui. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, au kuliko kumsikia mtu mmoja anayeongea mfululizo, kwa sababu ukisikia nusu akili haiwezi kukisia kinachofuata inabaki inajazajaza mapengo. Kwa hiyo pale kwenye basi huna donda la utotoni, una ubongo unaofanya kazi yake. Kuna hata watu ambao sauti ya mwenzao kutafuna au kuvuta kamasi inawatia hasira au hofu ya kweli, ina jina lake kitabibu, misofonia, na watu hao wamepata shida sana ndani ya ndoa na familia kwa kuambiwa wana roho mbaya. Ukikerwa na kelele, omba kelele zipunguzwe, basi.

Haya, twende kwa mwenye maneno. Watu wengi wakitaka kuyapa uzito haya ya kioo wanamtaja Carl Jung, yule daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi aliyezaliwa 1875 akafariki 1961. Na kweli alisema kitu cha karibu na hicho, kwamba kila kinachotukera kwa wengine kinaweza kutufikisha kwenye kujielewa wenyewe. Alisema kinaweza. Na muhimu zaidi ni kwamba pale alikuwa anasimulia safari zake, anaongelea jinsi mtu asivyoweza kuyaona mambo ya taifa lake mpaka atoke nje aliangalie kwa macho ya wengine, akasema yeye aliielewa Uingereza pale tu alipoona ni wapi yeye kama Mswisi haenei, na Ulaya aliielewa pale alipoona ni wapi yeye kama Mzungu haenei duniani. Hapo mwizi kuchukia wezi wenzake hakumo kabisa. Anachosema ni kwamba ukifika mahali ukakwaruzika, ule mkwaruzo unakuonyesha kona zako ziko wapi.

Na huyu mtu alipita huku kwetu. Mwishoni mwa 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni mpaka Nairobi, akaendelea hadi Mlima Elgon akakaa na watu wa kule, anakaa nao kwenye shauri akiwauliza habari za ndoto zao kwa Kiswahili cha kubabaisha, kamusi ndogo mkononi. Alikuja kuitafuta Ulaya akiwa nje ya Ulaya.

Mimi hilo nililielewa nilipokuwa nafanya kazi Nairobi. Unaingia hotelini mchana, mtu anaketi, hamuangalii hata mhudumu usoni vizuri, "Niletee chai na chapo mbili." Imeisha hiyo. Hakuna habari yako, hakuna pole na kazi, hakuna samahani dada naomba. Kwenye duka, "nipe mkate." Kwenye matatu, "nishukishe hapo." Siku za mwanzo nilikuwa naumia kweli, nilikuwa nataka kumwambia yule mhudumu pole kwa niaba ya mteja, na nilikuwa nasimulia nyumbani kwa simu kwamba hawa ndugu zetu hawana adabu, na nyumbani wanaitikia ndiyo tumewasikia wako hivyo hivyo. Kilichoanza kunishangaza ni yule mhudumu mwenyewe. Hakuumia hata kidogo. Alisema "sawa boss," akaleta chai ya moto haraka na chapo mbili, na mteja akaondoka ameacha kitu kidogo mezani.

Halafu mwenzangu mmoja wa kazini, Mkenya, akaja Dar kikazi, tukawa wote. Siku ya pili tu alikuwa amechoka. Tumesimama dukani anataka maji, mbele yetu kuna mama anaulizana na muuzaji habari za nyumbani, watoto wazima, mama anaendeleaje na mguu, na mvua hizi jamani, na muuzaji anajibu moja moja hana haraka, na kwenye foleni hakuna anayelalamika. Mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyinyi watu mnaomba msamaha ndio mnunue mkate." Nikajua kakereka kama nilivyokereka mimi kule, kwa kiasi kile kile, na kwa moyo safi kabisa. Kwake yeye, kumpotezea mtu muda ndio dharau. Watu wamesimama juani, wana kazi zao, wewe unaongelea mguu wa mama. Yeye anakuheshimu kwa kukuhudumia haraka na kukuachia uende zako. Mimi ninakuheshimu kwa kukusalimia kabla sijakuomba kitu, na mtu akiruka salamu nasikia amemkanyaga mwenzake hata kama mwenzake hajasikia kitu.

Kabla ya Nairobi sikujua kama hiyo ni sheria, nilidhani ndo ubinadamu wenyewe na kila mtu duniani anao. Na ile kero haikuwa imenionyesha kwamba mimi ni mkorofi niliyejificha, wala mwenzangu hakuwa mpoteza muda aliyejificha. Nimeondoka kule bado nasema naomba, na bado nikisikia "leta" kuna kitu kinashtuka kifuani, ila siku hizi najua ule mshtuko umetoka wapi.

Huku kwetu tulikuwa na njia ya kuyasema haya kabla Jung hajapanda meli, na njia yenyewe ni utani. Chukua Wachaga na Wapare, watu wa milima inayoonana, ndizi hawa na ndizi wale, na wanavyosemana! Mpare ataambiwa bahili, ataambiwa anaweza kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku, na yeye atamrudishia Mchaga habari za kupenda hela mpaka atachoka. Sigmund Freud naye, yule daktari wa Austria wa mambo ya nafsi, aliwahi kuandika kwamba majirani wanaofanana sana ndo wanaochokonoana zaidi kwenye vile vitofauti vidogo vidogo, ila yeye aliishia kulieleza tu, na wazee wetu walilifanya kuwa kazi. Mtani ana ruhusa. Anakuja msibani kwako anaingia kaburini analala, anasema hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe, na wafiwa wanacheka na machozi yao. Mtani anakwambia mchana kweupe mnavyoonekana toka mlima wa pili, na wewe huruhusiwi kununa, na kesho ni zamu yako. Nasikitika kuona utani wa namna hiyo unapungua mijini, watoto wetu wanajua tu kwamba sisi ni watani ila hawajui kutania, na kero zimebaki hazina pa kutokea zinatokea kwenye magrupu ya familia saa sita usiku.

Sasa nirudi kwa yule dada wa hela ya matumizi, maana yeye ndo sababu ya haya yote.

Wakati Jung anapita Nairobi, wanaume Waafrika wa Kenya walikuwa wanalazimishwa kutembea na kipande, kile kitambulisho cha kazi ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Harry Thuku alikuwa amewakusanya watu kupinga kipande, kodi, na wanawake kufanyishwa kazi kwa lazima. Machi 1922 akakamatwa, watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi wakidai aachiwe, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa pale pale, na Thuku akapelekwa uhamishoni. Jung anashuka kwenye treni 1925, Thuku bado yuko huko uhamishoni. Wale watu walikuwa wamekerwa, tena vibaya sana. Je ungesimama mbele yao uwaambie wajiulize kipande kinaamsha nini ndani yao? Hasira yao ilikuwa taarifa sahihi kuhusu kipande. Na kama ilisema kitu kuhusu wao basi ilisema kwamba wanajijua ni watu, wana thamani, hawapaswi kufungwa bati shingoni.

Kwa dada yetu ni hivyo hivyo. Mume ana kazi, ana mshahara, watoto wanakula ugali na chumvi, yeye anakereka. Kero yake inasema mume hajatimiza wajibu, na inasema yeye ni mama anayejua watoto wanastahili kula. Hakuna cha zaidi cha kuchimba pale. Anayemwambia ajiangalie anamsaidia mume kutoroka, hata kama hakukusudia, na naona mara nyingi sana maneno haya ya kioo yanapelekwa kwa watu wa chini. Anaambiwa mke, anaambiwa dada wa kazi ambaye hajalipwa, anaambiwa kijana anayenyanyaswa kazini. Bosi anayefoka kila siku sijamsikia hata mara moja akiulizwa kufoka kwake kunasema nini kuhusu yeye, na yeye ndo angefaa kuanza.

Hata vitabu vyetu vya dini ukisoma vizuri havisemi hivyo. Yesu kwenye Mathayo anakuuliza mbona unaangalia kibanzi kwenye jicho la ndugu yako na boriti ya kwako huioni, watu wanaishia hapo wanasema basi nyamaza. Endelea mstari. Anasema itoe kwanza boriti, ndipo utaona vizuri ukitoe kibanzi kwenye jicho la ndugu yako. Kibanzi kipo! Na kinatakiwa kitoke. Na ile hadithi ya Mtume aliyoipokea Abu Dawud, muumini ni kioo cha muumini mwenzake, inaendelea kusema kwamba anamkinga na hasara na kumlinda akiwa hayupo. Hapo kioo ni wewe kwa mwenzako, unamuonyesha alipochafuka ili ajisafishe, tena kwa upole na bila kumtangaza. Ni kinyume kabisa na kumwambia mtu unayemlalamikia ni wewe mwenyewe.

Mtu atauliza sasa nitajuaje, hii ni kelele tu, hii ni dhuluma, hii ni sheria yangu ya zamani? Mimi naangalia kitu kimoja zaidi ya vingine, nataka nini kitokee. Kero ya kelele inaisha simu ikikatwa, wala huna kinyongo na mtu. Kero ya dhuluma inaisha haki ikitendeka, mume akileta hela na akaendelea kuleta moyo unatulia. Lakini hii nyingine haiishi hata mwenzako akiacha. Binti akiinuka kwenye mkeka mama mdogo haridhiki, anataka ajisikie vibaya kwa kukaa. Ukiona unataka mtu aone aibu kwa jambo ambalo halijakupunguzia kitu, na kila kazi mpya unayoenda na kila mtaa unaohamia unamkuta tena mtu wa aina ile ile, hapo kaa chini.

Mimi ya kwangu ni watu wanaoomba bila aibu. Mdogo wetu wa mwisho ndo bingwa, "kaka nipige tafu elfu ishirini," asubuhi tu, hajasema hata umeamkaje. Hela ninaweza kuwa nayo au nisiwe nayo, sio hela inayonichoma. Kinachonichoma ni nikimwambia sina, anajibu "poa kaka" halafu anaanza kuniuliza habari za mechi ya Simba. Ile poa. Inaonyesha kuomba hakukumgharimu kitu, na kukataliwa hakukumpunguzia kitu. Mimi ni wa kwanza nyumbani, mwaka niliokosa kazi niliuza friji na ndugu zangu wote wana simu na wote wangenitumia.

Nikamuuliza mama kwa nini alikuwa anatukataza kuomba. Maana kwetu tulikunywa chai bila sukari lakini hakuna mtoto aliyetumwa kwa jirani na kikombe, ilikuwa marufuku kuliko hata kutukana. Akanyamaza kidogo akaniambia wakati ule baba yenu ndo kwanza kapunguzwa kazini, na kuna jirani alimwambia mbele ya watu bombani kwamba watoto wake wamezoea milango ya watu. Akarudi nyumbani akaapa. Na mdogo wetu je? Mama akasema yule alizaliwa mambo yameshanyooka, sikuona haja ya kumwambia. Yaani mtoto hakuivunja sheria, hakuikuta.

Kwa hiyo sasa nazitenganisha. Mwezi uliopita kaomba nauli ya kwenda Morogoro kwenye usaili nikamtumia, wiki iliyofuata kaomba hela ya simu mpya nikamwambia hapana, mwezi huu kuna ada, na majibu yote mawili yalitokana na hela iliyopo na kazi yake. Na akinizidishia namwambia kabisa mdogo wangu umezidisha, kwa sababu kuna wakati anazidisha kweli. Ile hasira nyingine naiongea na mama, ambaye kumbe anapenda kuongelea miaka ile kuliko nilivyotegemea, na kila tukikaa anaongeza kitu kuhusu yule jirani.